Usiku wa Ijumaa Wodini

Kwa mujibu wa utafiti, mamangu alirukwa na akili mara tu baada ya jua kutua, akazipata tena asubuhi pamoja na chai. Jioni ya pili zikaruka tena, wakati ule ule. Mtafiti alinieleza jambo hili kwa huruma kubwa, mkono wake begani kwangu, na mimi nikamtazama nikajiuliza ni nani kati yetu sote anayestahili kulazwa.

Lakini nianze na zulia, maana yote yalianza na zulia la kakangu.

Mamangu ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, na kwake ni juu. Ngazi ya kufika kwake ni ya mbao, nyembamba, imesimama wima, na pembeni kuna kamba ya kushikia. Ukishaimaliza unatokea kwenye chumba chenye dirisha linaloona kichochoro kizima, nani kapita, nani kabeba nini, nani kasimama na nani. Ameishi humo tangu kuolewa. Ameshuka ngazi ile na mimba zetu, na masinia ya biriani ya harusi za watu, hajateleza hata siku moja. Kakangu, ambaye kazi yake ni makontena huko Shimanzi na ana maoni juu ya kila kitu kinachohusu usalama, hakuchoka kumwambia, "Mama, ngazi hii itakuua. Njoo ukae kwangu Tononoka. Ni chini, sakafu sawa, hakuna kupanda." Mama alimjibu kila mara, "Haya, mwanangu," kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

Siku ya Idi ya kuchinja tukaenda kula kwa kakangu. Alikuwa amenunua zulia jipya, nene, la zambarau, na pindo zake zilikuwa bado zinajikunja. Mama akainuka kwenda kunawa, kidole cha mguu kikanasa kwenye pindo, akaenda chini na nyonga ikavunjika pale pale, kwenye sakafu sawa isiyo na kupanda. Mimi sikusema neno. Nilimwangalia kakangu, nikaliangalia zulia, na hadi leo anasema maneno niliyomtukana siku ile hayasameheki.

Hospitali walimpasua, wakamtia chuma, na daktari wa mifupa sina neno naye, mkono wake ni mwepesi na lugha yake ni safi. Alitwambia wazi: operesheni ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwinua mapema, asimame, akanyage, kila siku zaidi kidogo, la sivyo mguu utakaza na ngazi ataziona kwa macho tu. Mama alimsikiliza akiwa ameshika pembe ya leso yake. Bangili zake walikuwa wamemvua, meno ya bandia wamemvua, lakini pembe ile ya leso hakumpa mtu. Ndimo alimofunga ufunguo wa kwake juu.

"Nitakanyaga," akasema. "Nionyesheni pa kukanyaga tu."

Hapo ndipo utafiti ulipoingia.

Mtafiti alikuwa muuguzi aliyesoma sana, mtu wa bara, mpole, ana koti jeupe na kalamu za kila rangi mfukoni. Alikuja kuomba ruhusa. Walitaka kujua kama mzee akiinuliwa mapema baada ya kupasuliwa hupona vizuri kuliko akiachwa amelala. Swali hilo nyanyangu angelijibu huku anapepeta mchele, lakini haya, dunia ina mambo yake. Mama alikubali kabla hajamaliza kuelezwa, maana kwetu mgeni akija na ombi hakatazwi, hata akikukuta huna meno. Palikuwa na sharti moja tu. Anayeinuliwa lazima awe na akili timamu, kwa kuwa aliyechanganyikiwa akisimama ataanguka. Kwa hiyo wazee wangepimwa akili kila jioni. Kwa nini jioni? Kwa sababu vitabu vinasema wazee huchanganyikiwa jioni.

Wageni hufukuzwa wodini kabla ya magharibi, basi jioni ile ya kwanza mimi sikuwapo. Yaliyopita nilihadithiwa asubuhi yake na bibi wa kitanda cha pili, mke wa mstaafu wa reli, mtu wa bara aliyekaa Mombasa miaka mingi sana na bado husema "chakula ya jioni". Naye alikuwa ametiwa chuma cha nyonga, naye alikuwa kwenye utafiti. Alinihadithia mbele ya mama, na mama alimsahihisha pale alipopunguza.

Mtafiti aliingia adhana ya magharibi imekwisha. Mama alikuwa ameshatayamamu kwa kijiwe chake badala ya maji na kusali kitandani, akawa anasoma Yasini kimoyomoyo, midomo inacheza.

"Habari ya jioni, shosho?"

Shosho ni bibi, kwa watu wa bara. Mama akageuza kichwa kumtafuta huyo shosho ni nani.

"Masalkheri, mwanangu," akasema alipoona hakuna mwengine. "Mbona huanzi na masalkheri?"

"Ee, masalkheri. Nitakuuliza maswali kidogo tu, usiogope."

"Siogopi. N'mezaa."

"Leo ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Na huu ni mwezi gani?"

"Mfunguo tatu."

"Hapa uko wapi?"

"Kitandani. Ningeweza kwenda kwengine, ungenikuta hapa?"

"Rais wetu ni nani?"

"Huyo nisimtaje, n'na kidonda kibichi."

Bibi wa kitanda cha pili alicheka hadi akashika mshono wake. Mtafiti aliandika. Kisha akaandika tena. Kisha akamuuliza mama alikuwa anazungumza na nani alipoingia, mbona haoni mtu, na mama akasema, "Astaghfirullah," akafumba macho.

Sasa kwa asiyekuwa wa kwetu nieleze. Siku yetu huanza jua likitua. Usiku hutangulia mchana wake. Alhamisi jua likishazama, ule ni usiku wa Ijumaa, na mambo ya Ijumaa huanzia hapo, dua na visomo na udi. Miezi nayo tunaihesabu tangu tunapofungua Ramadhani: mfunguo mosi, mfunguo pili, mfunguo tatu, na huo wa tatu ndio wa Idi ya kuchinja, Idi ambayo mama alivunjika nyonga. Si siri ya wanazuoni hii. Muuza viazi karai anaijua. Mama alijibu kila swali sawasawa, na kwa kila jibu akapata sifuri.

Nilipofika asubuhi na uji wangu, nilikuta kitanda cha mama kimeinuliwa vyuma pande zote mbili, na ubaoni kimebandikwa kibandiko chekundu, maana yake asiinuliwe. Bibi wa kitanda cha pili alikuwa wima, ameshika chuma cha kutembelea, anakwenda hatua za kuku na mtu wa mazoezi nyuma yake akimsifu. Alipopita mbele yetu yule wa mazoezi alikitazama kibandiko, akapita.

"Mimi nimepewa likizo," mama akasema.

Nikamfuata muuguzi wa wodi, msichana wetu wa hapa hapa, kajifunga hijabu yake vizuri. Nikamuuliza, wewe hukusikia? Akasema alisikia, alikuwa anapima presha kitanda cha tatu. Alijua? Alijua. Akacheka hata. "Lakini dada, kujaza karatasi zile si kazi yangu," akasema, akaenda zake na mashine yake ya presha. Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Wodi nzima ilijua jana ilikuwa usiku wa Ijumaa, kuanzia mfagiaji mpaka aliyekuja kuzuru mgonjwa wake, na hakuna hata mmoja ambaye kujua kulikuwa kazi yake.

Jioni ya Ijumaa mtafiti akarudi, akauliza siku, mama akasema Jumamosi. Wallahi mimi nilidhani hapo atashtuka. Mwenye wazimu hukosea ovyo, leo aseme Jumatano, kesho aseme Krismasi. Huyu anakosea kwa mpango, kila jioni siku moja mbele, na asubuhi ukimuuliza anapatia. Lakini hapana. Mtafiti aliona ameithibitisha dalili yake: jua likitua, mama hayupo. Kibandiko kikabaki.

Asubuhi ya Jumamosi nikamvizia mlangoni. Nilimweleza pole pole, kama unavyomweleza mtu aliyeshika kisu. Alinisikiliza vizuri, nisimsingizie. Akauliza hata maswali. Mwisho akaweka mkono begani kwangu.

"Mimi nimekuelewa kabisa," akasema. "Lakini karatasi haina nafasi ya maelezo. Ina sahihi na si sahihi tu."

"Basi badilisheni swali."

"Swali limeshapitishwa. Tukilibadilisha katikati, tutaharibu matokeo."

"Na mguu wa mamangu?"

"Tunafanya haya kwa ajili ya wazee wote," akasema, na aliamini, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu mbaya ungemtukana ukapumua. Huyu alikuwa mtu mzuri, na alikuwa amesimama juu ya mguu wa mamangu kwa niaba ya wazee wote.

Nikaona dawa ya moto ni moto. Nikarudi kitandani.

"Mama, leo jioni akikuuliza siku, sema Jumamosi."

"Jumamosi si ndiyo hii ya sasa? Jioni itakuwa imekwisha."

"Kwake haitakuwa imekwisha."

"Kwake si kwangu."

"Ni neno moja tu, mama. Mpe neno lake akupe mguu wako."

Mama akanitazama kwa macho yale aliyokuwa akinitazama nayo nilipokuwa nikirudi kutoka chuo cha Kurani sijahifadhi. "Juzi n'shasoma Yasini ya usiku wa Ijumaa," akasema, "nikawarehemu babako na babuzo. Leo niseme ulikuwa Alhamisi? Na wao huko waliko wataambiwa dua zilizowafika ni za siku gani? Mwataka niongope nami nimelala hapa, hata kuamka sijui kama nitaamka."

Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia mtafiti. Nilimwambia maiti hawana kalenda. Bibi wa kitanda cha pili akaingilia, "Mama, sema tu wanachotaka, mimi hata rais niliwatajia na sikumpigia kura." Mama akamwambia yeye ni Mkristo, ana ruhusa zake. Wakacheka wawili hao, na mimi nikatoka nje kulia, maana niliiona ngazi yetu na nikaiona pale juu imefungwa.

Alasiri akaja kakangu, kakamata mfuko wa zabibu ambazo mama hali. Alikiona kibandiko. Akaulizia maana yake, akaambiwa, na nyinyi mngetarajia mtoto wa Mji wa Kale, aliyezaliwa pale pale juu, acheke au akasirike. Kakangu alitikisa kichwa kwa majonzi.

"Nilisema mimi," akaninong'oneza. "Umri huo. Hawezi tena kukaa peke yake. Chumba nimeshamtengenezea."

"Ameambiwa mwehu kwa kuwa alisema usiku wa Ijumaa ni Ijumaa."

"Wale ni wataalamu."

"Wewe ulioa lini?"

"Si unajua? Usiku wa Ijumaa."

"Ilikuwa siku gani kazini kwenu?"

Ilikuwa Alhamisi, na aliomba ruhusa ya nusu siku, nakumbuka vizuri kwa sababu mimi ndimi niliyempaka mkewe hina. "Basi nawe panda kitandani," nikamwambia, "tuinue vyuma pande zote mbili." Akasema mimi sikuzote mambo nayafanya kuwa maneno. Lakini hakwenda kumwambia mtafiti lolote. Kile kibandiko kilikuwa kimemfanyia kazi ambayo midomo yake ilishindwa miaka yote. Mama angeiacha ngazi kwa amri ya wataalamu, na zulia lingesamehewa.

Jumapili na siku zilizofuata nilikaa mlango wa wodi ile kama mdai. Nilimsumbua mtafiti, nikamsumbua mkuu wa wauguzi, nikamsumbua daktari wa mifupa, ambaye alisema kwa upande wake mama ni mzima kabisa lakini utafiti si wake. Kila jioni mama aliulizwa siku, na kila jioni akaisema ya mbele. Mwisho mtafiti alichoka nami, au labda alinihurumia, sitaki kumnyima haki yake. Alasiri moja alikuja mapema, jua bado linachoma madirishani, akamwuliza mama leo ni siku gani, na mama akasema siku ile ile iliyokuwa kwenye karatasi. Mwezi je? Mama akautaja wa ofisini. "Huo si uongo," akaniambia baadaye. "Huo ni mwezi wao, na upo." Rais naye alimtaja, kisha akaomba maji ya kusukutua.

Kibandiko kikatolewa. Vyuma vikashushwa. Yule wa mazoezi akaja na tabasamu kama siku zote hizo alikuwa amepotea njia.

Lakini mguu haukujua kwamba sasa wameelewana. Kisigino kilikuwa kimefanya kidonda cha kulalia, kifua kimeingia kikohozi, goti limekaza. Mama alisimama akatoka jasho, akakaa. Kesho yake akasimama tena. Bibi wa kitanda cha pili alikuwa ameshaondoka, kaenda kwake kwa miguu yake, kamwachia mama chupa ya mafuta na salamu. Mama alijifunza kwenda na chuma cha kutembelea, kwenye sakafu sawa, hatua za kuku, mtu nyuma yake. Nilipomuuliza daktari wa mifupa habari ya ngazi alisema, "Tutaona." Tutaona ya daktari ni hapana iliyovaa koti.

Hivyo ndivyo mama alivyokwenda kukaa Tononoka. Kwa muda, tulisema. Mimi kwangu ni Makupa, ghorofa ya nne, na lifti yake ilikufa kabla sijahamia, kwa hiyo msiniulize. Kakangu ni mwema kwake, namshukuru kwa hilo. Amempa chumba chenye feni na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mama hukaa hapo akauangalia. Huniuliza nani amekufa mtaani na nani ameposwa, mambo ambayo zamani ndiye yeye aliyekuwa akituambia.

Mwezi wa Maulidi mtafiti akaja kumkagua nyumbani. Alikuja asubuhi, kwa tahadhari. Akavua viatu, akaketi kwenye lile zulia la zambarau, na mke wa kakangu akampa chai na mahamri. Alikuwa na furaha. Alitwambia matokeo ya mwanzo yameanza kutoka na kuna jambo kubwa limeonekana, kwamba wazee wa pwani huchanganyikiwa jioni kuliko wazee wa kwengine, na kwamba itapendekezwa waangaliwe zaidi kuanzia jua kutua. Nilikuwa na birika mkononi. Nililiweka chini mbali naye.

"Sasa shosho," akasema, "tumalizie. Leo ni siku gani?"

"Jumanne."

"Na mwezi?"

Mama akautaja wa ofisini, kisha akaongeza, "Na kwetu ni mfunguo sita, ukipenda."

"Vizuri sana. Unavaa nguo mwenyewe?"

"Navaa."

"Unakwenda chooni mwenyewe?"

"Nakwenda."

"Unapata taabu kupanda ngazi?"

Mama akageuka akatazama mlango wa chumba, akatazama uani, akatutazama sisi.

"Hapa hakuna ngazi," akasema.

"Hakuna taabu ya ngazi," mtafiti akasema huku anaandika. Kakangu akakohoa. Mimi nikalisogeza birika mbali naye zaidi.

Mtafiti akafunga kalamu yake. Akamshika mama mkono kwa mikono yake miwili. "Hongera, mama," akasema. "Akili zako ziko sawa kabisa, na unajiweza. Umefaulu."

Mama akamshukuru, akamwombea dua ya safari njema na kizazi chema, yote kama inavyopasa. Alisubiri mpaka mgeni akavaa viatu vyake na geti likafungwa. Kisha akavuta pembe ya leso, akalifungua fundo kwa meno yake, akautoa ufunguo akauweka juu ya zulia baina yetu.

"Mmesikia," akasema. "Nimefaulu. Haya, nipelekeni kwangu."

Kakangu akanitazama mimi. Mimi nikautazama ufunguo.